Kazi ya Mikono Yake

Jacobs, Durban
5 Julai 2015

Kwa shemeji Epiphanie, mama wa watoto wetu,

Amani iwe nyumbani kwako. Najua umeitoa simu ndani ya nyumba tangu siku ilipokuletea sauti ya Prodige kwa mara ya mwisho. Ndiyo maana nakuandikia, na Mama Carmel, anayesafirisha bidhaa kuja Uvira, atakukabidhi barua mkononi. Kaa kwanza ndipo usome.

Salvator amekuja kazini kwetu. Salvator huyo huyo, mwenye duka la simu la Isipingo, aliyetia kufuli kwa nje siku ya fujo za mwezi wa nne za kuwashambulia wageni ili simu zake zisiibwe, na mdogo wangu, mfanyakazi wake, akiwa ndani. Huyo huyo anayewaambia watu mpaka leo kwamba Prodige alijifungia mwenyewe kwa ndani, akakataa kutoka, moto ukamkuta. Kesi ilikosa shahidi, naye akahamia Morningside kwenye nyumba yenye geti la umeme.

Hakunijua, shemeji! Tulisimama meza moja, akanipa mkono. Kwanza majina: kwetu kila mtoto ana jina lake, mume wako alikuwa Kashindi, mimi ni Mupenda, nani atajua tumenyonya ziwa moja? Lakini sababu kubwa ni nyingine. Angefika matangani hata siku moja angeniona nimekaa mbele kwenye mkeka. Hakufika, hakuchanga, hakutuma hata sukari ya chai.

Kazi yangu unaijua. Mzee Trevor ni wa chuma, mimi ni wa mbao. Tunatengeneza bunduki za kuwindia, kila moja kwa kipimo cha mwili wa mtu mmoja, kama suti. Salvator amepata marafiki wa kuwinda nao, leseni anayo, anataka ya kwake. Aliposikia bei alishika kichwa, akanigeukia mimi: "Sixty thousand? Eish, ndugu yangu, si uko Mukongomani? Ambia uyu muzee apunguze, hiyo iko bei ya motokari!"

Mzee akamjibu kwamba bei ya kazi yake haipungui, ila mteja akitaka anaweza kujifanyia sehemu ya mbao: kupiga msasa, kuziba, kupaka mafuta. Wengi hufanya hivyo, na theluthi nzima ya gharama huondoka. Salvator akacheka kwa furaha. Kwa hiyo atakuja kila Jumamosi, na wa kumfundisha ni mimi.

Shemeji, mtu huyo atakuwa amekaa mbele yangu, na patasi zangu zote ziko mezani. Tangu Jumanne mikono inaniwasha, usingizi sina. Mjane ndiye mwenye neno la kwanza. Sema, nitasikia.

Kile nilichokitoa dukani baada ya moto bado kiko nyuma ya kitanda changu. Sijui hata nakitunzia nini. Wabusu watoto.

Ni mimi, Josias


Uvira
24 Julai 2015

Josias,

Nimekaa, nimesoma, nimesimama, nimesoma tena nikiwa nimesimama.

Unaniuliza neno langu? Neno langu nimelivaa. Nguo nyeusi iko mwilini tangu Aprili, na mama zako walipokuja kuniambia tupange siku ya kuondoa matanga niliwafukuza pamoja na unga wao. Matanga ya nani yataondoka wakati aliyemfungia anakula nyama? Sitaivua, Josias. Mtanizika nayo kama itabidi.

Acha nikuambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Prodige aliponipigia kutoka ndani ya duka hakuwa analia. Alikuwa ananituliza mimi! Alisema, "Mama Bonheur, usiogope, Salvator iko na funguo, iko anakuja." Alisema hivyo mpaka kikohozi kikamzuia kusema. Alikufa anamngoja mtu yule, akimwamini.

Sasa Mungu amemchukua amemleta mpaka mezani kwako, na wewe unaniandikia habari za msasa. Kwenu mnatengeneza nini, vijiko? Si bunduki? Mimi sijui mambo ya chuma, wewe unajua. Fanya imgeukie. Na kama hujui, patasi umesema zipo.

Usije Uvira kabla. Ukija na mikono misafi sitakufungulia.

Epiphanie, mjane wa ndugu yako


Jacobs
16 Agosti 2015

Shemeji,

Maneno yako yamenichoma, na nilistahili kuchomwa. Lakini tulia unisikie.

Kwenye chuma siruhusiwi kugusa hata skrubu. Mzee Trevor anakagua mwenyewe, na siku ya majaribio yeye ndiye anayefyatua wa kwanza. Ningeharibu kitu, ningemuua mzee ambaye alinipa kazi nilipokuja na karatasi ya ukimbizi tu. Hilo ondoa.

Jumamosi ya kwanza nilimpima. Urefu wa mkono, upana wa bega, shingo, mahali shavu linapolalia. Nilikuwa nyuma yake na utepe wa kupimia, nikiusikia mshipa wa shingo unapiga chini ya kidole changu. Yeye anaongea tu: mashamba ya marafiki zake, pembe za mnyama atakazoning'iniza sebuleni. Hatazami uso wa fundi. Ananiita "ndugu" kwa sababu hajauliza jina langu.

Kisha tukafika kwenye mbao. Mzee akamwonyesha mbao za mti wa jozi kutoka Uturuki, zenye mistari kama maji. Aliposikia bei, ule mkono wake wa birika ukarudi mfukoni. Nikamwambia kwa Kiswahili: mimi ninayo mbao ya zamani, ngumu, imekauka miaka na miaka, haitapinda kamwe, nakupa bure. Alinikumbatia, shemeji. Alinikumbatia!

Mzee ameikagua akasema ni mbao bora. Nimeunganisha vipande viwili, nimekata umbo. Kuanzia hapo ni kazi ya Salvator. Anapiga msasa vizuri kuliko nilivyotegemea, anapuliza vumbi, anapapasa kama mtu anayepapasa mtoto. Kuna matundu manne ya skrubu upande wa shavu. Aliuliza, "Fundi, hii matundu iko ya nini?" Nikamwambia mbao za zamani zina mambo yake, tutaziba kwa vijiti vyeusi, itakuwa pambo. Akasema, "Sharp. Cha bure hakina neno."

Nipe muda. Sitasema zaidi kwenye karatasi inayopita mikononi mwa watu.

Josias


Uvira
6 Septemba 2015

Josias,

Umempa mbao. Bure.

Mimi nauza dagaa sokoni niwalishe watoto wa ndugu yako, wewe unamgawia muuaji mbao na kumfundisha pambo. Anapapasa kama anayepapasa mtoto, umeandika hivyo kwa mkono wako. Bonheur ana miaka sita, nani anampapasa? Juzi aliniuliza kama baba alisahau kufungua mlango. Nilimpiga, Josias. Nilimpiga kisha tukalia wote wawili.

Nimefikiri sana kuhusu ile bei ya bunduki. Mwenye pesa humlipa fundi, asiye na pesa hujifanyia. Mimi nilitegemea kujifanyia kupitia wewe, damu ya damu yake. Kama huwezi, basi nitalipa. Kile kiwanja cha Kavimvira alichonunua Prodige, kwa pesa ya miaka yote aliyolala kwenye sakafu ya duka la mtu, kimepata mteja. Mtoto wa dada yangu anafahamu vijana huko kwenu Durban ambao hawaogopi mageti ya umeme. Wamesema bei yao, na kiwanja kinatosha.

Ndiyo, ni cha watoto. Usinifundishe. Watalala kwenye nyumba ya kupanga lakini watajua baba yao hakuachwa hivi hivi.

Nakupa mpaka mwisho wa mwezi wa kumi na moja. Baada ya hapo nauza.

Epiphanie


Jacobs
11 Oktoba 2015

Shemeji Epiphanie,

Naandika haraka, Mama Carmel anasubiri kwenye stendi ya taxi.

Jana tulikwenda uwanja wa shabaha, nje ya mji, kuijaribu bunduki. Mzee alipiga, Salvator akapiga, kisha mzee akaitwa na simu akaenda mpaka kwenye gari. Salvator akatembea kwenda kuiangalia karatasi aliyoilenga. Nilibaki peke yangu na bunduki mezani, na risasi moja ndani.

Nikainua. Nikaweka shavu kwenye mbao. Mgongo wake ulijaa kwenye darubini, na shati lake la maua, na jasho katikati. Kidole kilikuwa tayari. Sikuogopa polisi wala Mungu, nisamehe kwa kusema hivyo.

Sasa nikuambie nilichokuficha. Mbao ile ni mwimo wa mlango wa duka. Ule mti mnene wa pembeni, ambapo komeo la kufuli lilishikiliwa kwa skrubu nne. Moto uliunguza bati na ubao wa mlango, mwimo ukaungua upande mmoja tu, nikaubeba begani kutoka Isipingo siku walipokuja kusafisha, komeo na kufuli vikiwa bado juu yake. Fundi wa mbao haachi mbao, nilidhani ni hilo tu. Salvator amekaa Jumamosi zote hizo akiupiga msasa mlango aliomfungia Prodige, ameulainisha kwa viganja vyake, ameyaziba matundu ya komeo lake kwa vijiti alivyochonga mwenyewe, na ameona fahari.

Niliposhusha shavu pale, chini ya mafuta yote nilisikia harufu ya moshi. Nikamkumbuka ndugu yangu amesimama upande wa pili wa mwimo huo. Na nikawaza: nikimpiga sasa, atakufa bila kujua nani amempiga wala kwa nini. Watu watachanga, watamlilia, watamsifu, na uongo wake utazikwa pamoja naye kwenye jeneza zuri. Prodige atabaki yule mjinga aliyejifungia. Nikaiweka bunduki chini.

Usifikiri nimemhurumia. Namchukia kuliko nilivyomchukia Aprili. Ninataka aishi, na ninataka watu wote wajue. Ataandaa karamu ya bunduki yake, ameniambia. Usiuze kiwanja kabla ya hapo, nakuomba kwa jina la Prodige.

Josias


Morningside
29 Oktoba 2015

Kwa Fundi, karakana ya Mzee Trevor, Jacobs

Bwana Fundi,

Unaalikwa kwenye braai, karamu ya nyama choma, nyumbani kwangu Jumamosi tarehe 14 Novemba saa saba mchana, kusherehekea bunduki yangu mpya. Watakuwepo Mzee Juvénal, mkubwa wetu Wakongomani, pamoja na mchungaji, wazee wote wa Kongo wa Durban, na rafiki zangu wa kuwinda. Nitawaonyesha watu kwamba mtu akiwa na akili halipi kila kitu. Wewe utathibitisha kwamba kazi ya mbao nimefanya mimi mwenyewe, maana wengine hawaamini.

Samahani, sikumbuki jina lako. Waambie getini ni fundi.

Salvator
Mkurugenzi


Jacobs
15 Novemba 2015

Shemeji,

Imekwisha. Soma polepole, nataka usikose hata kitu kimoja.

Niliingia na shati jeupe. Wazee waliponiona walitazamana, maana wao waliketi nami mkekani wiki nzima. Wakadhani nimekuja kupatana naye. Mzee Juvénal alinishika bega akasema, "Mwana, uko na moyo mukubwa." Nikamwambia angoje.

Walipokuwa na sahani mikononi, Salvator akaileta bunduki. Akaiinua juu. "Bazee, muone! Hii bois, hii mbao yote, nimefanya miye mwenyewe, na mikono yangu. Msasa, mafuta, yote. Wajinga ndio banalipa fundi! Na hizi points ine za vijiti, muone vile ziko muzuri, nilitia miye. Fundi, sema, ni uongo?"

Nikasema si uongo. Nikasema, ni kazi ya mikono yake, mimi shahidi. Nikaiomba bunduki, nikailaza juu ya meza kati ya nyama na bia, upande wa shavu ukitazama juu. Nikatoa mfukoni kile kibati cha komeo chenye pete yake, na lile kufuli likining'inia, jeusi kwa moto, limefungwa bado kama siku ile. Nikakiweka juu ya mbao. Shemeji, kilikaa! Kila tundu la kibati lilitua juu ya kijiti kimoja, yote manne, hata unywele usingepita. Na kivuli cha kibati bado kipo kwenye ule mti, alikipiga msasa akadhani ni rangi ya mbao.

Nikasema: "Huu ni mwimo wa mlango wa duka la Isipingo. Kibati hiki kilikuwa upande wa nje, na kufuli hili liko nje. Prodige Kashindi alikuwa ndani. Mimi ni kaka yake."

Mzee Juvénal akalinyooshea kufuli kidole, akauliza polepole, "Salvator, hii kadenasi iko ya nani?"

Akasema, "Muzee, kila boutique iko na kadenasi. Uyu fundi iko anatafuta feza tu."

Hapo ndipo mkewe, Laurette, akainuka. Akaingia jikoni akarudi na fungu la funguo za duka, zinazoning'inia ukutani pale siku zote. Akajaribu mmoja, akajaribu wa pili. Wa tatu uliingia. Haukuzunguka, kwa kuwa moto ulikula kufuli kwa ndani, lakini uliingia wote mpaka shingoni. Laurette akauacha umeingia hivyo hivyo, akaondoa mkono.

Mzee Juvénal akaweka sahani yake chini kwenye majani, nyama haijaguswa. Mchungaji akaweka yake. Wote wakaweka, mmoja mmoja, wanawake kwa wanaume, wakatembea kwenda getini. Geti likagoma kufunguka kwa sababu rimoti ilikuwa mfukoni mwa Salvator, naye alikuwa amekaa chini. Wazee wakasimama pale wamefungiwa ndani ya ua wake. Mzee Juvénal akasema tu, "Tufungulie, Salvator. Sisi tuko hai bado."

Alibonyeza mara tatu ndipo geti likafunguka. Nilifurahi, shemeji, sikufichi. Nilifurahi mpaka nikaona aibu, halafu nikafurahi tena.

Kufuli ninalo mimi. Bunduki ameachwa nayo.

Kaka yake Prodige, Josias


Morningside
30 Novemba 2015

Kwa Mama Epiphanie,

Hatufahamiani lakini jina langu unalijua. Nakuandikia kama mtu anayeteseka kwa mtu anayeteseka.

Laurette amekwenda kwa dada yake. Kwenye duka nililofungua upya hakuna Mkongomani wala Mrundi anayeingia, na vijana wangu wa kazi wameacha. Kanisani nilikaa kwenye benchi na benchi likabaki langu peke yangu. Mzee Juvénal amesema hakuna atakayekula nami mpaka nimalizane na wewe. Nimejaribu kuiuza ile bunduki, Mzee Trevor anasema nitafute mteja mwenye mwili kama wangu. Iko kwenye sefu chumbani. Nasikia harufu yake hata sefu ikiwa imefungwa.

Mama, sikutaka afe. Nilifikiri fujo zitapita, nitarudi baada ya nusu saa. Nilikuwa nimesimama ng'ambo ya robot, zile taa za barabarani, nikiwa na funguo mfukoni, nikaona moshi, nikaogopa watu wale. Simu yake iliita kwangu. Sikupokea kwa sababu sikujua nimwambie nini.

Nataka kulipa. Nitatoa ng'ombe wawili, kitenge cha familia nzima, chakula chote cha kuondoa matanga, na ada ya shule ya watoto. Mimi mwenyewe siwezi kuja kwa sasa kwa sababu ya biashara, lakini yupo mtu wangu Bujumbura, anaitwa Vénérand, ni mtu wa heshima, atakuja kukaa mkekani kwa niaba yangu na kusema yote yanayotakiwa. Wewe uandike tu barua moja kwa Mzee Juvénal kwamba mambo yamekwisha.

Kama hayo hayatoshi, niambie bei.

Salvator


Uvira
20 Desemba 2015

Salvator,

Barua yako nimeisoma mara moja, na imetosha.

Kiwanja cha Kavimvira nilikuwa nakiuza ili nimlipe mtu aje kwako. Ujue hilo, ulale nalo. Mteja nimemrudishia pesa yake juzi. Kiwanja ni cha watoto, nawe hustahili hata pembe yake moja.

Ng'ombe wako sitaki. Huyo Vénérand akifika hapa nitamrudisha kabla hajavuka kizingiti. Unanitumia mtu wa kukukalia matanga! Bunduki uliona ni akili kujifanyia, na shemeji yangu ananiambia mkono wako ni mzuri. Basi na hii jifanyie mwenyewe.

Mwambie Mzee Trevor akufungulie ile mbao kutoka kwenye chuma. Chuma baki nacho. Mbao utaibeba wewe, mikononi, kutoka Durban mpaka hapa, na ukiulizwa mpakani ni nini, utasema ni mlango. Utafika mlangoni kwangu kwa miguu, bila gari lako na bila zawadi. Utakaa kwenye mkeka mbele ya watu wa nyumba hii, mbao ukiwa umeiweka magotini, na utasema funguo zilikuwa wapi. Utasema na simu ilivyoita.

Siahidi kwamba nitakusamehe. Nguo nyeusi ninazo mbili, moja ikifuliwa navaa nyingine, na siku ya kuzivua nitaijua mimi. Usiponiona nikilia usidhani yamekwisha.

Kwangu si vigumu kuingia, mlango hauna kufuli. Watoto ni wawili. Mdogo huwa analala mchana. Bonheur halali, naye ana maswali mengi.

Epiphanie